Waya Uliozaliwa kwa Kosa la Herufi Moja

Penang, Malaysia
Jumapili

Kwa babangu mpenzi,

Assalamu aleikum. Nakushika miguu, Baba, ingawa ni kwa kalamu. Kifua chaendeleaje? Na mama, goti limempoa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila pilipili ya huku hata yeye angeomba maji.

Nimeona jambo ambalo wewe, fundi wa redio, utalielewa kuliko yeyote hapo nyumbani.

Nilikwambia twasanifu chipu, ndogo kama punje ya mchele, itakayokaa kwenye sanduku la kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Joto likizidi, chipu izime moto yenyewe. Hatuichori, twaiandika kwa lugha yake, mstari kwa mstari, na kila waya twaupa jina. Kompyuta ikikuta jina, hulitafuta kwanza ndani ya fungu lile lile la maandishi. Isipolipata huenda fungu la nje, hivyo hivyo mpaka ifike ukingoni.

Siku mbili kabla ya kazi kupelekwa kiwandani, ambako haifutiki tena, majaribio yote yalikuwa yamepita. Lakini nikakukumbuka ulivyo: redio hairudi kwa mwenyewe mpaka umeigonga na kuitikisa.

"Bi Ling," nikamwambia mkuu wetu, "hatujawahi kupandisha joto likapita kikomo."

"Basi lipandishe."

Nikalipandisha, kwenye skrini tu. Moto haukuzima. Joto likazidi kupanda, moto ukawaka vile vile.

Nilisoma mistari tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kosa lilikuwa langu. Waya wa kupeleka habari za joto niliuita joto_juu, na pale pa kuuunga na kipimo cha joto nikaandika jotto_juu. Kompyuta ililitafuta jina hilo ndani, ikatafuta nje, haikulipata. Na haikusema kitu! Desturi ya zamani ya lugha ile ni kwamba jina lisilojulikana huzaa waya mpya papo hapo. Kipimo kikawa chapiga kelele kwenye waya usiofika popote, na waya wa kweli haukuambiwa lolote.

Nywele zilinisimama, Baba. Nilimwona mtoto mchanga ndani ya sanduku lile. Shetani akaninong'oneza nisahihishe kimya kimya, nani atajua? Nikasimama, nikamwendea Bi Ling, nikamwambia, "Ni mimi niliyekosea."

Hakunigombeza. Alivuta kiti. "Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini," akasema, "na jambo hili bado lanitisha." Akanionyesha mstari mmoja mfupi wa kutia juu kabisa ya maandishi, unaoiamuru kompyuta ikatae kila jina isilolijua. Tukautia kwenye kazi ya kikundi kizima.

Kompyuta ikakataa majina mawili. La kwanza langu. La pili lilikuwa kwenye fungu alilolisanifu Bi Ling mwenyewe. Akaziba mdomo kwa kiganja, akaniangalia.

Tukasahihisha yote mawili, tukajaribu upya, kazi ikaenda kiwandani.

Alhamisi hii chipu za kwanza zimerudi. Bi Ling alinipa mimi kitufe. Tukalipandisha joto, la kweli safari hii, na watu wote wamekizunguka kile kipande ambacho ningekohoa kingepeperuka. Kikomo kilipofika, moto ukazima. Si mimi niliyeuzima, Baba, wala si mtu yeyote chumbani. Jina liliitwa humo ndani, mahali jicho halifiki, na mwenyewe akaitika. Nilitoka hadi ukumbini nikasujudu, machozi yanidondoka.

Nisalimie mama. Msalimie shangazi wa Makupa, umwambie mikeka yake imefika salama. Kakangu Athumani wa bandarini Mbaraki apunguze sigara. Na maalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyetusahihisha herufi moja moja mpaka tukalia, umbusie mkono.

Ni mimi bintiyo, nikuombeaye afya kila nikiswali,

Rukia