Majibu Yaliyobaki Rohero

Jumatano, 2 Julai 2003
Nimetoa damu kwenye kituo cha Rohero. Basi, imeisha — apana, haijaisha. Majibu ni Jumatatu. Gélase, mchumba wangu, naye katoa. Pasta kakataa kutufungisha ndoa bila depistaji, kupima ukimwi. Gélase alikuwa anataniana na muganga kama mtu aliyekuja kupima viatu. Mi nilikuwa namuwaza Byamungu tu, yule Mukongomani wa vitenge pale soko la Jabe, niliyekuwa naye kabla sijamjua Gélase. Juzi dada yake kaniambia amekufa Bukavu. Alikonda mpaka suruali zikawa hazikai. Nikauliza, ugonjwa gani? Kifua, anasema. Kifua! Siku hizi kila mtu anakufa na kifua.

Ijumaa, 4 Julai
Nimepanda mizani sokoni. Nimenenepa! Nikafurahi hadi kwetu Musaga. Nyumbani nikakumbuka nilipanda na kikapu mkononi.

Jumatatu, 7 Julai
Mabomu tangu asubuhi. Musaga yote barabarani, mi na godoro kichwani. Mama mmoja kaanguka mbele yangu, sikusimama. Saa ya majibu imenikuta katikati ya watu wanaolia — na nikaona nafuu. Nafuu! Mi ni mtu gani? Sasa niko Jabe, kwa shangazi.

Alhamisi, 10 Julai
Bado wanapiga. Nyumba imejaa wakimbizi wenzangu. Shangazi kaomba wembe wangu akate watoto kucha. Nikasema umepotea. Kauona kwenye mfuko wangu.
"We Dévote, hata wembe unanyima watoto?"
Nikaufunga mfuko.
Gélase kapita, analala kwa kaka yake Buyenzi. Kasema kituo kimefungwa sababu ya vita. Nikamshukuru Mungu. Halafu nikamwomba msamaha kwa kumshukuru.

Jumapili, 13 Julai
Gélase tena. Hakukaa. Anasema kuna pasta mwingine, atatufungisha bila vipimo.
"Wakati wa vita nani anaulizaka? Twende tu, Dévote. Ya zamani tuiache."
Ya zamani ya nani? Kajua habari za Byamungu? Nani kamwambia? Au ni mapenzi tu? Watoto walikuwa wamejaa chumba, sikuweza kuuliza. Nikasema nitafikiri. Akalia. Gélase, akalia! Nikamshika mkono, akautoa.

Jumanne, 15 Julai
Kumetulia. Nimekuja Rohero bila kumwambia Gélase. Niko kwenye benchi ya kituo, naandikia magotini.
Yule muganga aliyetutoa damu, mwenye miwani, kanitambua. Nikamwuliza wamefungua lini.
"Kufungua? Sisi hatukufunga hata siku moja. Fianse wako si alikuja wiki ile kuchukua majibu, hakukwambia?"
Nikauliza: alipewa pia majibu yangu?
"Apana, mama. Ya mutu ni ya mutu."
Nikamtazama usoni. Hakuna kitu usoni.
Kwa hiyo Gélase anajua yake. Anajua, na kanidanganya, na analia, na bado anataka ndoa! Na mi muda wote namwogopa marehemu. Yangu yakiwa mabaya… Yakiwa mazuri — ndiyo, yakiwa mazuri je? Nitamfanya nini Gélase? Hata sijui niombe yapi.
Mlango umefunguka. "Dévote, karibu."
Na pale getini — ni yeye! Kaja mbio, shangazi kamwambia bila shaka, shati limelowa jasho. Ameniona. Anapunga mkono. Nisiingie? Nimsubiri? Muganga ananiita tena