Kopo Haendi Popote

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umenyoosha miguu na yale magoti yamekupa nafasi ya kupumua. Mpe mama mdogo salamu zake kabisa kabla hujaendelea kusoma, maana najua anakuchungulia begani. Huku tunaendelea. Kaka anakwenda kazini na kurudi. Mimi bado niko kwenye karakana ya makochi, na mikono imekuwa migumu kwa kuvuta vitambaa, nikipiga makofi utadhani mbao zinagongana. Wifi naye yupo. Habari zake nitazifikia, usinikimbize.

Kwanza nikupe habari za mbwa. Najua umeshakunja uso, lakini nisikilize.

Asubuhi moja tulisikia makelele barabarani. Watu wanakimbia, muuza matunda amepanda juu ya kiti chake. Kumbe ni mbwa wa mitaani aliyeingiza kichwa kwenye kopo kubwa la plastiki la siagi, likamganda shingoni. Haoni, pumzi inamwishia, anajigonga huku na huku, na mlio wake mle ndani ulikuwa kama wa mtu anayelia kisimani. Wenye mawe walishaanza kuyaokota. Mimi unanijua nilivyo mwoga, sijui nguvu zilitoka wapi. Nilishika kitambaa cha kochi la mteja, nikamrushia, nikamlalia juu. Fundi wetu mkuu, ambaye kwa wembamba wake tunamwita Msumari, akaja na mkasi wa bati, akalikata lile kopo taratibu huku akimbembeleza kama kinyozi anayemnyoa mtoto. Kichwa kilipotoka tukakuta ni jike, mbavu zinahesabika, shingo imechubuka pande zote. Hakumuuma mtu. Alilamba mkono wa Msumari, akalala palepale. Mteja aliponuna, Msumari alimwambia kitambaa hicho kimeshazinduliwa, atakatiwa kingine.

Tukamwita Kopo. Daktari wa mifugo alimsafisha kidonda, akamdunga sindano, akasema hana ugonjwa ila njaa. Kazi ikawa kumpata wa kumfuga. Mwoka mikate wa jirani alimchukua kwa furaha, akamrudisha kesho yake bila furaha, trei nzima imeliwa. Mlinzi wa ghala alimtazama akacheka mpaka akashika mbavu, akasema mwizi akija, huyu atamsaidia kubeba. Mwishowe mwalimu mmoja mstaafu, mama anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye ua mpana, alisema atamchukua, ila tumvumilie mpaka Jumamosi atakaporudi safari. Mwenye karakana naye alikuwa amechoka kuona manyoya kwenye makochi ya watu. Ndipo nikamleta nyumbani.

Kaka alikuja juu. Alisema ana mzigo wa kumtosha, nisimwongezee wa miguu minne. Nilimsihi mpaka akakubali akae uani, kwa sharti kwamba yeye asimwone.

Wifi siku hizo alikuwa hatoki chumbani. Nampelekea chakula, nakirudisha kama kilivyo. Nikimsemesha, ananijibu kwa kichwa. Kaka alikuwa anakaa karibu na mlango wake, anainuka kwenda kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Siku moja nikiwa nafua, Kopo aliponyoka akaingia ndani. Nilimkimbilia na mapovu mikononi. Nikamkuta amejilaza sakafuni kando ya kitanda cha wifi, na mkono wa wifi umening'inia, umetulia juu ya kichwa chake. Nilitaka kumtoa. Wifi akasema, "Mwache. Hiki kidonda nani anakipaka dawa?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Ndiyo maana." Mama, nilitukanwa nikafurahi! Akainuka mwenyewe, akaenda kuchemsha maji. Kaka aliporudi alimkuta mkewe kwenye kizingiti cha jikoni, anakiosha kile kidonda kwa pamba, anamwambia mbwa avumilie, kitapona. Kaka alisimama na begi lake mkononi. Halafu akazunguka nyuma ya nyumba, nikamsikia analia.

Jumamosi mwalimu alikuja na kamba mpya na bakuli. Nilipokuwa namfunga Kopo, wifi alitoka, amechana nywele, akamwamkia mwalimu vizuri. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba unisamehe. Huyu haendi popote. Nimeshachukuliwa mmoja. Wa pili sitaweza." Mwalimu aliweka kamba na bakuli mezani, akasema ameshavinunua na hana wa kumpa, basi atakuwa anapita mara mojamoja kuitazama kamba yake. Kaka, yuleyule aliyekuwa hataki kumwona mbwa, jioni nilimkuta anapima mbao za kibanda.

Sasa mama, kaa vizuri, na mama mdogo akushike mkono. Mjukuu uliyekuwa unamsubiri hayupo. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mtoto wa kike, hakulia. Tumeshamzika. Kaka alitukataza kukuambia kwa sababu ya moyo wako, na kila ulipouliza tulikujibu kuwa wifi anaendelea vizuri. Hakuwa anaendelea vizuri.

Aliyeniambia nikuandikie ni wifi mwenyewe. Tulikuwa tunachambua mboga, akasema, "Mama naye kafiwa, ila hajui. Akija kujua, atalia na nani huko aliko?" Kaka aliinamisha kichwa, kisha akaniletea karatasi.

Anaomba uje, mama. Maneno ya kumpoza hayataki, anasema kila aliyepita amemwachia yake. Anataka ukae naye tu. Yeye hakuthubutu kumtazama mtoto, na sasa ananiuliza alikuwaje, nami nashindwa kueleza. Mimi nilimwona, mama. Alikuwa na uso wako. Ukija, atakutazama wewe.

Kaka anakuamkia, na anaomba radhi. Wifi anakuamkia. Kopo tutamfunga mpaka mzoeane. Tutumie neno la siku utakayofika, tukupokee.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Chiriku