Lori la Saba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu, na pole na shughuli za huko. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na mgongo wako umepunguza kukusumbua. Sisi huku tu wazima, kama uzima ni kuamka na kwenda kazini. Mama miguu inamvimba kila jioni, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi nimechoka, Dada. Si uchovu wa kulala ukaisha. Masikio yanavuma hata ninapokunywa chai, na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mfua nguo.

Mama ameniambia alikupigia simu kukueleza habari za Baba, ukasema tu una chungu jikoni. Nakujua. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninapokwenda.

Huu mwezi wa pili tunafanya kazi kwenye ile meli ya jeshi iliyozama wakati wa vita, ile iliyobeba malori na madereva wake. Kuna watu wamenunua chuma chake. Kabla haijakatwa, sisi wazamiaji wanne tunashuka kuhesabu kilichomo na kuangalia kama kuna makombora. Msimamizi wetu tunamwita Mwalimu kwa sababu anapenda kusahihisha watu. Ana sheria moja tu, kwamba kisichoandikwa kwenye kibao hakikuonekana. Kila mmoja anashuka na kibao cha plastiki kifuani na penseli iliyofungwa kwa uzi, anaandika kulekule chini, maana Mwalimu anasema mtu akishapanda juu anaanza kutia chumvi.

Ni mita thelathini na mbili kwenda chini. Tunapata dakika ishirini za kazi, hewa inayobaki ni ya kupanda polepole tukishika kamba. Ndani ya meli malori yamepangwa safu mbili, bado yamefungwa minyororo, utadhani yanasubiri zamu ya mafuta. Pikipiki zimelaliana kwenye kona. Kuna gari moja la deraya limepinduka, na samaki wanaingia na kutoka pale ilipokuwa bunduki. Siku ya kwanza nilishangaa. Siku ya tatu nilikuwa nahesabu magurudumu tu.

Jumanne nikafika kwenye lori la saba. Tope lilikuwa limetibuka, taa haionyeshi hata mkono wangu mwenyewe. Mlango wa abiria ulikuwa umeng'oka, nikaingiza mkono kupapasa. Chini kabisa nikashika pedeli ya klachi, na juu yake kipande cha chuma kilichochomelewa. Nadhani unakumbuka kuliko mimi. Mguu wa kushoto wa Baba ulikuwa mfupi, fundi akamchomelea kipande cha reli, na madereva wenzake wakawa wanamtania kwamba lori lake linavaa kiatu cha kisigino. Wewe ndiye uliyenisimulia. Mimi nilikuwa na miaka minne. Nilitaka kuingia zaidi lakini muda ulikuwa umekwisha, kamba ikavutwa, nikapanda.

Jioni ile nikamwambia Mama nimeliona lori la Baba. Alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza kama mwenyewe yumo. Dada, nilikuwa sina nguvu hata ya kuvua viatu. Nikasema yumo. Akauliza kama ameketi. Nikasema ameketi, mikono ipo kwenye usukani. Nilijua kesho yake nitaingia nimkute, na maneno yangu yatakuwa kweli. Kwangu mimi, aliyelipata lori alikuwa amempata dereva.

Mama hakulia. Aliweka nguo chini, akaenda mlangoni akasukuma komeo. Halikusogea. Miaka thelathini na sita limesukumwa mara moja tu, na wewe, limeota kutu. Akaleta mafuta ya kula, akalidondoshea tone tone hadi likakubali. Wewe unajua huo mlango, ulivyoachwa bila komeo ili Baba akirudi usiku asikute umefungwa. Tumeibiwa redio mbili kwa ajili yake. Na siku ulipoufunga, mchumba tayari unaye, Mama akakuzaba kibao, nawe ukamwambia mumewe yuko kwa mke mwingine, mlango wa huko unafungwa vizuri tu. Hujalala tena katika nyumba hii tangu siku hiyo.

Sasa analala hadi jua linatoka. Anamwita marehemu. Amewaomba majirani waje Jumapili wampe pole, na anataka wewe uwe umekaa pembeni yake.

Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Jumatano nilishuka tena, tope limetulia, nikaona kila kitu. Kiti cha dereva ni kitupu. Hakuna mfupa, hakuna hata kifungo. Kioo cha upande wake kimeteremshwa hadi mwisho. Chini ya kiti kulikuwa na buti mbili, moja imechomekwa ndani ya nyingine, kamba zimefunguliwa. Uliniambia hivyo ndivyo alivyokuwa akiziacha mlangoni petu ili zisipotezane. Mtu aliyebanwa na maji hafungui kamba za viatu, Dada. Baba alipata muda. Na ukipanda juu kutoka pale, pwani unaiona kwa macho.

Sikuandika kwenye kibao. Miaka kumi na mitano ya kazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Niliandika lori la saba, tairi nne, hakuna kombora. Buti nikazisukuma ndani ya tope, na Jumatatu kreni inakuja kunyanyua.

Huenda alizama nje, karibu na pale. Najaribu kuamini hivyo. Au alifika nchi kavu, akatazama huku na kule, akachagua kule. Kama ni hivyo, basi ulipigwa kwa kusema kweli, nami nakuomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Lakini nakuomba pia uje Jumapili umlilie kama marehemu, ukijua unachokijua. Ukishindwa, mwonyeshe Mama barua hii. Sitaikana, ni mwandiko wangu.

Nisalimie shemeji, na watoto uwaambie mjomba wao bado ana masikio, ila yanasikia bahari tu. Ukifika usisukume mlango kama zamani. Bisha kwa nguvu na useme kuwa ni wewe. Mama siku hizi hageuki hata kichwa mlango ukigongwa. Anayeshtuka ni mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Yule mliyemwita Bata