Jiwe la Juu Usiliuze

Kaka yangu Ombati,

Salamu nyingi kutoka huku Nairobi. Mimi ni mzima na chakula kipo, ijapokuwa ugali wa hapa chuoni hata kuku wetu wangeugeuza mara mbili kabla ya kuudonoa. Mama mgongo unamwendeleaje? Na mto, umefurika kwa mvua hizi au gurudumu bado linazunguka?

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Unasema yule mfanyabiashara wa soko la Daraja Mbili anataka kutuletea injini ya dizeli, naye achukue kinu chetu cha maji, mawe na yote, na kwamba mimi ndiye injinia, niamue. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Siku ya kwanza darasani mwalimu alitaka kila mtu asimame, aseme ametoka wapi na anapenda nini. Kaka, hujaona majivuno. Mmoja anapenda magari kwa sababu baba yake ana gari. Kufungua boneti hajui. Mwingine anapenda ndege, na hajawahi kushika hata spana. Yuko mmoja anayevaa tai mpaka kwenye karakana, nangoja siku mashine itakapomnasa nayo. Madebe matupu. Nikawadharau wote, mmoja mmoja. Kisha zamu yangu ikafika, nikasema kwetu Kisii tuna mashine ya dizeli, na mimi napenda injini. Kinu cha maji sikukitaja.

Juzi mwalimu akachora ubaoni gurudumu, mfereji na mawe mawili, kinu chetu kabisa. Akauliza msagaji atajuaje kwamba mawe yamekaribiana mno. Yule wa tai akasema atapima kwa rula. Jiwe linazunguka, yeye apime kwa rula! Ujinga huo ulinishinda. Nikasimama nikaeleza: unakinga mkono pale unga unapotokea, ukiwa wa moto na unanuka kuungua, unainua jiwe la juu kidogo. Ukitoka kwenye mahindi kwenda kwenye wimbi unalishusha tena, kwa kuwa punje zake ni ndogo.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Nani alikufundisha?"

Darasa zima likanigeukia.

"Mfanyakazi wetu," nikasema.

Ndiyo, kaka. Wewe. Uliyeacha shule ili mimi niendelee, ukasaga kila siku isipokuwa Sabato mpaka nyusi zikawa nyeupe. Nilikufanya kibarua mbele ya watu ambao nisingewaachia hata mbuzi wawili wachunge. Niliketi nikajidharau kuliko nilivyowahi kumdharau yule wa tai.

Injinia wako ndiye huyo, kwa hiyo neno lake lipime mwenyewe. Lakini mimi nasema jiwe la juu usiliuze. Mto haujawahi kutuomba dizeli, na dizeli ikiisha, mtu wa Daraja Mbili hatakujua. Jumatatu nitasimama tena darasani nijitambulishe upya na kukutaja kwa jina, hata kama hakuna atakayeniuliza. Wakicheka, wacheke.

Nisalimie mama, na shemeji Moraa aliyenifungia ndizi za safari, na yule bibi jirani anayelisimamia wimbi lake linaposagwa mpaka punje ya mwisho kama kwamba sisi ni wezi.

Ni mimi mdogo wako,
Makori,
wa kinu cha maji, Birongo.