Mnunuzi Nambari Kumi na Saba

Jumatatu, 1 Septemba

Maji mikokoteni miwili. Bei ya nyasi imepanda tena. Mbuzi ishirini na wawili bado wako zizini hapa Galbet, mjini Garissa, mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Wataondoka Jumatano pamoja na nitakaowanunua.

Leo nimeachana na Dekow. Miaka kumi na mmoja amekuwa dalali wangu, na nimemwambia mbele ya watu, langoni pa soko la mifugo. Kuanzia Jumatano nina mkono wangu mwenyewe. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Ni hivi. Bei ya mbuzi Garissa haisemwi. Muuzaji na mnunuzi wanapeana mikono chini ya shuka, wanabonyezana vidole, na aliye kando hajui ni elfu nane au tisa. Mimi ni mwanamke, tena Mkamba, tena wa kanisa. Hakuna mwanamume hapa atakayenishika mkono, dini yake haimruhusu, na simlaumu. Nikitaja bei kwa mdomo soko zima linasikia, muuzaji wa pili anaanzia hapo. Kwa hiyo Dekow anaingiza mkono kwa niaba yangu, anatoka, ananiambia bei. Mimi nampa yeye hiyo bei ampelekee muuzaji, na mia mbili yake kwa kila mbuzi. Walichobonyezana sijakiona hata siku moja. Kwa hesabu zangu ananila mia tatu mpaka mia nne humo ndani.

Sasa wamekuja watu wa chuo kikuu kutoka Nairobi. Kiongozi wao Wafula, daktari wa kompyuta. Kila mnunuzi na kila muuzaji anawekewa wakala ndani ya simu. Unamwambia unataka mbuzi wangapi na bei yako ya mwisho. Mawakala wanabishana wao kwa wao, wewe unakunywa chai. Ni utafiti wa miezi mitatu, bure. Mimi ni mnunuzi nambari kumi na saba.

Jumatano, 3 Septemba

Mbuzi watatu. Nilitaka arobaini.

Mawakala walianza saa mbili asubuhi. Saa nne walikuwa bado wanabishana. Wakala wangu nilimwambia bei ya mwisho elfu nane. Si kweli, lakini nani anaanza na ukweli? Inaonekana kila mtu aliwaza hivyo. Wauzaji waliwaambia wa kwao elfu tisa na nusu, elfu kumi. Hakuna aliyemfikia mwenzake. Wenye akili wakarudi kwenye mashuka yao.

Nimepeleka ishirini na watano, na yule anayechechemea yumo. Mzee Kilonzo, mwenye bucha tatu Thika, anataka arobaini kila Alhamisi. Miaka saba sijampunguzia. Amepiga simu, hakupandisha sauti. Amesema wiki moja atavumilia.

Sauti ya chini ndiyo mbaya.

Alhamisi, 4 Septemba

Mkutano wa watu wa utafiti. Wafula ametulaumu. Wakala ni wako, hamwambii mtu siri yako, ukimdanganya unajidanganya mwenyewe. Mzee mmoja wa nyuma akainuka, akauliza, "Daktari, mkeo anajua mshahara wako wote?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee akasema, "Basi. Siku atakayoujua, na mimi nitaiambia simu yako bei yangu."

Nilicheka pia. Lakini nikirudi nyumbani nilifikiria. Mtu akinipa mfanyakazi, nikamdanganya kuhusu kazi, nitamlaumu nani?

Jumanne, 9 Septemba

Nimekaa na hesabu. Kilonzo ananilipa 9,600 kwa kila mbuzi. Lori, ushuru, kibali na nyasi ya njiani ni mia sita. Yaani nikinunua kwa elfu tisa sipati kitu, juu ya hapo nakula hasara. Bei yangu ya mwisho ya kweli ni elfu tisa.

Nimemwambia wakala elfu tisa. Ukweli mtupu. Nimejisikia kama nimetoka nje bila leso.

Jumatano, 10 Septemba

Mbuzi arobaini! Kufikia saa tatu na nusu. Sikumwomba mtu, sikumpa mtu mia mbili. Nimesimama nikipokea mbuzi, nambari moja moja, na bei imeandikwa kwenye simu naiona kwa macho yangu mwenyewe.

Kumi na wawili wametoka kwa Halima wa Bura, mjane anayeuza mwenyewe. Mcheshi. Alipoona mnunuzi ni mimi akapiga makofi: "Abaayo, dada yangu, kumbe ni wewe! Simu yako ina moyo mwepesi, wallahi."

Nilidhani ananisifu.

Dekow amepita na fimbo yake. Salamu tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Kilonzo amelipa yote. Nimekaa kuhesabu, na nimehesabu mara tatu.

Wastani nimenunua kwa 8,900. Mwezi uliopita Dekow alinipa mbuzi wa namna hiyo hiyo kwa 8,400, ongeza mia mbili yake, 8,600. Kwa hiyo wiki hii nimelipa mia tatu zaidi kila mmoja. Mara arobaini ni elfu kumi na mbili. Kwa Dekow nilikuwa nabaki na elfu kumi na sita. Kwa kusema ukweli nimebaki na elfu nne.

Nimemwendea Wafula na karatasi. Ameisoma, akaelewa mara moja, lazima nikiri ana akili. Mawakala wakikubaliana wanagawa katikati ya bei mbili walizopewa. Mimi nilitoa ukweli, wauzaji wakatoa uongo, na katikati ya ukweli na uongo ni karibu na mwenye uongo. Nikasubiri pole. Akasema haya ni matokeo mazuri sana, ataomba ruhusa kuyaweka kwenye ripoti.

Matokeo mazuri! Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 13 Septemba

Halima amekuja kuchukua kamba zake zilizobaki shingoni mwa mbuzi. Nimempa chai. Nimemuuliza alimwambia wakala wake bei gani. 8,800, akasema, na hakuona haya hata kidogo. Na kwa kweli angeuza ngapi? 8,300. Simu haina macho, akaniambia, haiwezi kuona kwamba nimechoka na mbuzi wana kiu. Dekow angeona.

Nikamuuliza la pili. Mwisho wa Agosti alimuuzia Dekow mbuzi tisa, na hao walikuja kwangu, nakumbuka mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika. Dekow alimlipa ngapi?

8,350.

Mimi Dekow aliniambia 8,400.

Hamsini. Miaka kumi na mmoja nimemhesabia mia nne. Nimemnunia, nimewaambia wanangu, nimesali juu yake. Hamsini.

Nimekasirika zaidi kuliko jana. Mwizi wa mia nne ni rahisi kumchukia.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Kurudi kwa Dekow sirudi. Nilimwambia mbele ya watu. Jumatano nitadanganya kama wengine, nione.

Jumatano, 17 Septemba

Zizi tupu tangu wiki iliyopita. Lori nimelipia, linaondoka saa nane mchana. Kilonzo alipiga saa moja asubuhi. "Mwaitu, mama, nikikosa leo, kuna kijana wa Isiolo ananisumbua sana nimpe hii kazi." Hivyo tu, akakata.

Bei yangu ya mwisho kwa wakala: 8,500.

Saa tatu, sifuri. Saa nne, sifuri. Nikapandisha 8,600. Sifuri. 8,700. Sifuri. Mnunuzi nambari tisa amekaa kando yangu, anapata mbuzi kwa 8,500 kutoka kwa wauzaji wale wale. Nikamwonyesha Wafula simu mbili, yangu na yake. Akainama, akatazama, akajikuna shingo. Kumbe mawakala wanajifunza. Wa wauzaji wanakumbuka kwamba nambari kumi na saba hulipa 8,900. Wananisubiri nipande.

Nikamwambia anibadilishie nambari. Akasema akifanya hivyo atauharibu utafiti.

Kwa hiyo utafiti usiharibike, niharibike mimi.

Saa tano nilivuka uwanja. Dekow alikuwa chini ya kibanda, chai ya maziwa ya ngamia mkononi, wenzake watatu kando. Nilijua ni mbele ya watu tena. Sawa, nilianza mimi.

"Mama Mutua," akasema, "simu imechoka?"

"Imekumbuka sana."

"Pole. Kaa, kunywa chai."

Nikamwambia sina muda wa chai, nataka arobaini kabla ya saa nane. Nikamwambia pia hamsini yake ya ndani naijua. Wenzake wakatazama vikombe. Yeye hakukana. Akasema hiyo ni ya mafuta ya mkono, mkono unachakaa. Wakacheka, na mimi nikakaribia kucheka, hasira ikanizuia.

Masharti yangu niliyasema nikiwa nimesimama. Ada mia mbili hamsini badala ya mia mbili, hamsini ya ndani ife. Na kila akiweka mkono wa kulia chini ya shuka, mkono wa kushoto uwe mgongoni, anionyeshe kwa vidole ni mia ngapi juu ya elfu nane. Mimi nitasimama nyuma yake, nimzibe watu wasione.

Akanitazama. "Sasa mimi pia ni kompyuta?"

"Wewe una macho."

Akaweka kikombe chini, akachukua fimbo.

Nimeona leo. Vidole viwili mgongoni, muuzaji akainua kidevu. Vitatu. Dekow akasogea kama anayeondoka, akamtazama mbuzi macho, akamtazama mwenye mbuzi macho. Vitatu bado. Vinne. Akatikisa kichwa, akaongea habari za mvua na malisho ya Mandera, mambo yasiyohusu. Vinne na kidole kilichokunjwa, ndiyo hamsini. Wakaachiana mikono. 8,450. Nikalipa 8,450, mbele ya muuzaji.

Thelathini na sita kufikia saa nane kasorobo. Wanne wamekosekana. Kilonzo nimemwambia mwenyewe kabla hajapiga.

Alhamisi, 18 Septemba

Thelathini na sita wamefika wazima. Kilonzo amesema wiki ijayo arobaini na wanne, nifidie. Kijana wa Isiolo hakutajwa.

8,700 kwa mmoja, ada ya Dekow ikiwemo. Faida mia tatu kwa mmoja. Bei imepanda sokoni kwa wote, siwezi kumlaumu mtu. Najaribu kutafuta wa kumlaumu, sipati.

Jumanne, 23 Septemba

Wafula amekuja zizini asubuhi, peke yake, na soda mbili. Ameleta karatasi yangu ya hesabu, amesema imebadilisha mpango wao. Awamu mpya mawakala hawatakumbuka nambari ya mtu. Kwenye ripoti nitaitwa "mnunuzi mmoja". Sikupenda. Lakini nimeona anaona aibu, nikamwachia.

Nimemwambia kosa si kumbukumbu peke yake. Kosa ni kwamba mwongo hapotezi kitu. Atafute njia mwenye kusema uongo alipie uongo wake, ndipo watu watasema kweli. Akasema kuna wasomi waliomaliza maisha yao juu ya swali hilo hilo. Nikamwambia waje Jumatano.

Akaniomba nibaki kwenye utafiti. Nimekubali, simu ni bure na bei za wengine naziona. Kununua nitanunua na Dekow.

Akafungua kompyuta kujaza fomu. Mbuzi wangapi? Arobaini na wanne. Bei yako ya mwisho ya kweli, mama?

Nimemtajia. Ameandika bila kuinua kichwa, akashukuru.

Ya kweli ni nyingine. Mafuta ya lori yamepanda, Kilonzo ameongeza kidogo, nimeshapiga hesabu. Siiandiki hapa.