Miche ya Karela Niliyoivika Buibui

Mpendwa Bi Severa, shikamoo. Miaka yote nasoma safu yako nikiwacheka wanaokuandikia, na leo zamu imenifika, kwa hiyo naomba msaada wako, na naomba pia majina yote uyabadilishe, maana katika jengo letu hapa Kariakoo watu wanasoma hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Mimi nauza mitandio, nakaa ghorofa ya tatu na mume wangu Mudi, na balaa langu lilianza siku niliyotangaza kwenye kundi la simu la akina mama kwamba mimi na kununua mboga basi tena, nalima mwenyewe kwenye roshani, nikatuma na picha nimevaa gambuti, gambuti kwa ajili ya ndoo nne za plastiki, halafu nilipoenda maduka ya pembejeo nikaambiwa, "Dada, mbegu hazijaingia," duka la pili hivyo hivyo, la tatu nikauziwa pakiti ya mchicha iliyokwisha muda wake, haikutoa hata jani, nikaona isiwe tabu, nikapanda giligilani ya jikoni na kuimwagilia kwa mapenzi yote mpaka Mudi akaniuliza, "Hiyo si ndiyo uliyoikaanga juzi?" Ilikuwa ndiyo.

Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Champaben, mjane wa Kihindu aliyezaliwa na kuzeekea hapa hapa, akanihurumia. Kila mwaka yeye alikuwa anapanda karela, ile mboga chungu yenye vinundu, kutokana na mmea alioacha marehemu mumewe, mzee Vallabhdas, na kila mwaka anaacha moja iive mpaka ipasuke ili apate mbegu za mwaka unaofuata. Mwaka huu magoti yalimkatalia, na anahamia Arusha kwa mwanawe Pranav, basi akanipa mbegu zote alizobakiwa nazo akasema, "Panda wewe, Zamda. Ya kwanza usiile. Iache iive, unirudishie mbegu nikapande kwa Pranav. Nyingine zote zako."

Bi Severa, ziliota. Mimi niliyeshindwa na mchicha, karela zangu ziliota zote, kijani cha kupendeza, nikamwita kila mtu aje aone, na hapo ndipo akaja Winifrida wa ghorofa ya pili akasema, "Jamani, mbona zimependeza hivi," akaondoka bila kusema mashaallah. Sasa Winifrida ni Mkatoliki, anaimba kwaya, mashaallah angeitoa wapi, lakini mimi usingizi ulinitoka, nikaona jicho hilo limeshaingia, nikampigia shangazi, akaniambia zifunike haraka, nikachukua buibui langu la zamani nikazivika ndoo zote, vizuri kabisa, sikuacha hata upenyo, na kila nikifunua kumwagilia nafunika upesi upesi asije akapita mtu. Zikarefuka, zikawa za njano, zikalala chini, zikafa. Nilizikinga na macho ya watu mpaka nikazikinga na jua.

Ningesema hapo hapo ingeisha. Lakini Mama Champaben tukikutana kwenye ngazi anaulizia, "Watoto wangu hawajambo?" na mimi nasema hawajambo, siku nyingine ulimi ukaniteleza nikasema zimeshazaa, Mama, na hata mwezi ulikuwa haujaisha tangu nizipande. Ikabidi niende soko la Kisutu nitafute karela iliyoiva, muuzaji alikuwa anataka kuitupa akanishangaa naing'ang'ania, nikampelekea Mama kwenye sahani. Akaishika, akaitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Zamda, imezaa haraka hivi?" Nikasema ni mbolea ya kuku, Mama. Kuku gani, ghorofa ya tatu. Akacheka kidogo, akaifunga kwenye karatasi, akasema nije tunywe chai kabla hajaondoka, sisi wawili tu. Tangu siku hiyo napita mlangoni kwake kwa kunyata, viatu mkononi.

Anaondoka Jumamosi hii. Zamani nilimwona akimwagilia zile karela huku anazisemesha, nikajua anamsemesha mumewe, na sasa atafika Arusha aanze kusemesha karela ya Kisutu. Nimwambie nimvunje moyo, au ninyamaze aende na furaha yake, maana mwisho wa yote karela si karela tu?

Zamda, Kariakoo

*

Zamda, marahaba. Majina nimeyabadilisha, gambuti nimeziacha kama zilivyo.

Nimecheka, sikufichi, hasa pale kwenye giligilani. Nilipofika kwenye ile sahani nikaacha kucheka. Kuua miche ni bahati mbaya, hata wakulima wa kweli wanaua miche. Kama ulihofia husda ungesoma dua yako na jua ukaliacha, basi. Lakini kumbebea mjane karela ya sokoni ukamwambia ni ya mumewe, hiyo haikuwa bahati mbaya. Ulivaa viatu, ukashuka ngazi, ukaenda mpaka Kisutu. Ulikuwa na njia nzima ya kubadili mawazo.

Unaniuliza kama karela si karela tu. Swali hilo umeliuliza ili nikukubalie, na sikukubalii, kwa sababu wewe mwenyewe huliamini. Ungeliamini usingekuwa unapita mlangoni kwa mtu umeshika viatu.

Sasa nisikilize. Karela haizai ndani ya mwezi. Inataka kama miezi miwili kutoa tunda, na siku zaidi mpaka liive. Wewe hukujua, Mama Champaben anajua, amepanda karela miaka mingi kuliko uliyokaa kwenye hilo jengo. Alipokuuliza mbona haraka hivi alikuwa anakupa nafasi. Ukamjibu kuku. Akakupa nafasi ya pili, akakuita chai, wawili tu. Unaogopa kumvunja moyo, mwanangu, na moyo umeshavunjika, ulivunjika sahani ikiwa bado mkononi mwako. Anachongoja ni kuona kama jirani yake atamwambia ukweli au atamwacha aende hivyo hivyo.

Kwa hiyo utaenda. Usibebe kitu, wala keki wala karela nyingine. Usianze na Winifrida, usianze na shangazi, na tafadhali usianze na kichekesho, kwa sababu wewe ni hodari wa kujicheka na nimeona ndiko unakojificha. Anza na, "Mama, nilikudanganya, miche ilikufa mkononi mwangu." Kisha nyamaza. Akilia, kaa naye. Akikusema, sikiliza mpaka amalize. Mbegu za mzee Vallabhdas zimekwisha, hilo sina dawa yake na wewe huna, na usimwahidi kuwa utampatia nyingine kama zile. Zile za Kisutu mwachie yeye aamue kama atazipanda au atazitupa. Akizipanda, azipande akijua ni za nani.

Kuhusu kilimo chako, mbegu zikiwa adimu panda visivyotaka mbegu. Nenda sokoni, waombe wauza matembele wakupe vikonyo vigumu wanavyovitupa, vichomeke kwenye udongo, mwagilia, toboa ndoo chini maji yatoke, na ziweke juani. Nimesema juani. Giligilani nunua mbichi ambayo haijaona kikaango. Lile buibui lifue, uligawe. Na kundi la akina mama waambie ukweli pia, watakucheka wiki moja halafu watakuomba vikonyo.

Hayo ya matembele yanaweza kungoja. Gazeti hili linatoka Alhamisi, gari la Pranav linapakia Jumamosi, Ijumaa unayo nzima. Vaa viatu vyako, tembea kwa sauti mpaka mlango wa pili, ugonge.