Mgongo Uliobeba Vya Watu

Nsimire, binti yangu uliye huko Katana, hospitalini kwa masista,

Alfajiri ya leo nimeota niko nawe mgongoni. Nilikuwa nimekufunga kwa kitenge kama wanawake wote wafungavyo watoto wao, tunashuka kutoka kwetu Kadutu, ukungu umelala juu ya ziwa, na wewe unanicheka sikioni. Nilipoamka nilijipapasa mgongo, maana tangu uzaliwe sijakubeba mgongoni hata siku moja.

Mgongo wangu unajua vya watu tu: unga, makaa, saruji, kamba ikinibana paji la uso kutoka bandarini hadi sokoni. Wewe nilikulaza juu ya mto, nikakubeba mbele yangu kama bakuli lililojaa maji. Mifupa yako iliweza kuvunjika hata kwa kupiga chafya. Wanawake walipokuja kukuona ungali mchanga, kila mmoja akinyoosha mikono akupakate, niliwakatalia wote, wakasema nina maringo. Maringo, mimi mbeba mizigo! Nilicheka huku nalia.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuogesha? Uliniamuru, "Maman, polepole, hapo panauma," kisha ukaimba ili nisiogope. Na siku za mvua sikwenda kazini. Tulilala tukisikiliza bati, wewe ukiniambia mvua inasema nini, nami nikitamani isikatike kamwe. Lakini siku bila mzigo ni siku bila chakula, na kila mguu uliovunjika ulikula mizigo ya mwezi mzima.

Sasa mguu uliokupeleka huko umepona, na sista anayekutunza huko anasema ubaki, usome, ukae na wenzako. Jirani yetu Mama Zawadi naye ananishauri, "Umuache kule kule. Atasoma, na weye utatumika kazi." Sikufichi, mwanangu, nimeuonja wepesi huo. Tangu uende nabeba kutwa nzima bila kutega sikio nisikie kilio chako, na usiku nalala fofofo. Nimeupenda, kisha nikauchukia.

Halafu jana ukanipigia kwa simu ya sista. "Maman, miye nibakie huku. Niko bien, niko muzuri. Mugongo yako ipumuzike."

Mtoto wa miaka tisa, nani amekufundisha kuuhurumia mgongo wa mama yako? Nilikaa chini palepale njiani, kando ya gunia la mtu, nikalia bila aibu.

Nisikilize. Mzigo ni kitu ninachokitua, nalipwa, na nasahau kilikuwa cha nani. Wewe sijawahi kukutua. Hata sasa, nikitoka sokoni mikono mitupu, najikuta natembea nimeikunja mbele ya kifua, na watu wananishangaa.

Tukiwa pamoja tutakula nini, sijui bado. Mama Zawadi amenung'unika weee, mwisho akasema atakuangalia asubuhi ninapokuwa bandarini. Mengine tutayaona.

Jumamosi nakuja kwa boti, maana ziwa halirushi watu kama barabara yenye mashimo. Ukiniambia tukitazamana kwamba unaipenda shule ya huko, nitarudi peke yangu, na sitalia mbele yako. Lakini kama ni mgongo wangu tu unaouonea huruma, funga vitu vyako. Na ukitaka kununa kwa kuwa nimekataa kupumzika, nuna. Nitakubeba pamoja na kununa kwako.

Ni mimi,
mama yako